Kwanini mtu aende Mwezini kutafuta jiwe la Dunia

Kule Houston, Marekani, kwenye jengo ambalo NASA wanatunzia mawe ya Mwezi, kuna jiwe linajulikana kwa namba tu, 14321. Lina uzito wa karibu kilo 9 na aliyeliokota ni Alan Shepard, tarehe 6 Februari 1971, yeye na mwenzake Edgar Mitchell, wanaanga wa safari ya Apollo 14, wakiwa wanapanda kilima kulitafuta shimo kubwa linaloitwa Cone, wamechoka, muda unakimbia, mwisho ikabidi wageuze, na picha zilizopigwa na chombo cha angani miaka mingi baadae zikaonyesha walikuwa wamebakiza mita kama 30 tu kuufikia ukingo. Shimo hawakulichungulia ila jiwe wakarudi nalo. Na ndani ya hilo jiwe kuna kipande kidogo, gramu kama 2 hivi, ambacho mwaka 2019 timu ya watafiti, akina Jeremy Bellucci, Alexander Nemchin na David Kring, wakatoa hoja kwamba inawezekana kabisa sio cha Mwezi. Kimetoka huku kwetu, Duniani, miaka bilioni 4 iliyopita.

Nilikuwa naielezea habari hii pale Ngamiani, Tanga, nje ya duka la dalali mmoja wa vito, watu wa makamo tu wamekaa wanakunywa kahawa, akanikatisha: "Sasa mwalimu, jiwe la Dunia si unainama tu unaokota? Mpaka mtu apande roketi?" Wengine wakacheka lakini mimi nikaona hilo ndo swali lenyewe haswa, manake ukilijibu vizuri unakuwa umeelewa kitu kikubwa sana kuhusu hii Dunia tunayoikalia, na ndo nimeamua kuliandika kwa urefu.

Tuanze na mawe yetu wenyewe. Ukienda mapango ya Amboni, yale mawe ya chokaa yalijitengeneza chini ya bahari, umri wake unatajwa kama miaka milioni 150 hivi, zama za madinosaria. Inaonekana mingi, lakini panda Usambara, miamba ya Lushoto kule ilipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi miaka milioni 600 na zaidi iliyopita, ndo baadae ikaja juu. Nenda bara zaidi, Dodoma mpaka Shinyanga na ukanda wa ziwa, unakutana na miamba ya miaka bilioni 2.5 na kuendelea. Hapo sasa ndo tunajisifu tuna mawe ya kale, na ni ya kale kweli. Ila Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.54. Kwahiyo hata hayo mawe yetu mazee, mengi yake yamezaliwa Dunia ikiwa tayari imeshapita zaidi ya theluthi ya umri wake.

Na sio Tanzania tu, ni dunia nzima. Mwamba mkongwe unaokubalika na wengi upo Kanada, unaitwa Acasta, una miaka kama bilioni 4.03. Nyuma ya hapo mwamba mzima hakuna wa kumuonyesha mtu bila ubishi, kilichobaki ni chembe chembe za madini yanaitwa zirkoni, zimepatikana sehemu inaitwa Jack Hills huko Australia, kubwa kuliko zote hazifikii hata punje ya mchele, na nyingine zina miaka bilioni 4.4. Chembe hizo zimo ndani ya mwamba wa umri mdogo zaidi, yani mwamba wao wa asili ulishasagika ukapotea zikabaki zenyewe. Basi. Miaka milioni 500 ya kwanza ya Dunia yetu, wakati bahari zinaanza, na pengine uhai wenyewe unaanza, ushahidi wake tulionao mkononi unaingia kwenye kisanduku.

Sababu ni kwamba Dunia inajifuta yenyewe. Gamba lake limekatika mabamba, mabamba yanasogea, moja linazama chini ya lingine na kwenda kuyeyuka huko ndani, volkano zinamwaga mawe mapya juu ya ya zamani, na kile kinachobaki juu kinapigwa na mvua, upepo, mito, mawimbi, mizizi ya miti, mpaka kinakuwa mchanga. Miaka bilioni 4 ya kazi hiyo bila kupumzika, utegemee nini kibaki.

Mwezi haufanyi hivyo. Hauna mvua, hauna hewa ya kuvuma, hauna mabamba yanayozama, na volkano zake nyingi zilipoa zamani sana, hata yale mawe ya lava ambayo China waliyaleta na chombo chao Chang'e 5 mwaka 2020, ambayo watu waliyashangaa kwa kuwa machanga, yana miaka bilioni 2. Kitu kikidondoka pale kinakaa. Adui yake ni mmoja tu, vimondo vingine vinavyokuja kumpiga juu yake. Kwahiyo wazo linakuja lenyewe: kama enzi zile Dunia ilikuwa inapigwa na maasteroidi makubwa, yani miamba ya angani inayolizunguka Jua, na vipande vyake vinaruka, na vingine vikatua Mwezini, basi vile ambavyo Dunia imevifuta kwake huenda bado vipo kule. Mwaka 2002 watafiti watatu, John Armstrong, Llyd Wells na Guillermo Gonzalez, ndo walilikalia hili wazo kwa hesabu, wakajumlisha sio Dunia tu bali na Mirihi na Zuhura.

Hapa mtu anauliza, jiwe linarukaje mpaka litoke Duniani na lisisagike? Ili kitu kitoke kwenye mvuto wa Dunia kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Asteroidi la kilomita kadhaa likitua, pale chini yake penyewe hapabaki jiwe, panayeyuka na kugeuka mvuke. Lakini pembeni kidogo ya pale, mawe ya juu juu kwenye uso wa ardhi yanapata bahati ya pekee: wimbi la mgandamizo linapofika kwenye uso halina pa kwenda, linarudi nyuma na kujipunguza nguvu lenyewe, kwahiyo lile tabaka la juu linarushwa kwa kasi kubwa mno bila kubanwa sana. Na hewa haizuii, manake asteroidi kubwa namna hiyo linakuwa limeshaisukuma hewa pembeni. Hii sio nadharia ya kwenye makaratasi, tunayo mawe ya Mirihi hapa Duniani, mamia, mengine yameokotwa jangwani Afrika Kaskazini na mengine kwenye barafu ya Antaktika, na mawe ya Mwezi pia yameshadondoka huku yenyewe bila mwanaanga kuyabeba. Barabara ipo, na inapitika.

Halafu enzi zile Mwezi ulikuwa karibu. Leo upo wastani wa kilomita 384,400 na kila mwaka unasogea mbali sentimita 3.8, hilo linapimwa kwa leza zinazogonga vioo ambavyo wanaanga wa Apollo waliviacha kule. Ile timu ya 2019 inasema wakati kile kipande cha 14321 kinarushwa, Mwezi ulikuwa karibu mara tatu kuliko sasa. Sisi watu wa pwani tunaoishi kwa kuhesabu bamvua na maji mafu hebu tulitafakari hilo kidogo, kwasababu nguvu ya Mwezi kuvuta maji inapanda umbali ukipungua, tena inafuata umbali uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, ukiwa karibu mara tatu nguvu ni 3 x 3 x 3, yani mara 27. Ile tofauti ya maji tunayoiona Raskazone wakati wa bamvua, mpaka kina mama wanatembea mbali kabisa kutafuta pweza, ni nguvu iliyofifia sana ukilinganisha na enzi hizo.

Tuseme jiwe limetoka salama, sasa linatua. Mwezi hauna hewa ya kulipunguza mwendo, litagonga kwa kilomita 2.4 kwa sekunde angalau, hiyo ni zaidi ya kilomita 8,600 kwa saa. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema basi hakuna kitakachobaki. Ila ukweli ni kwamba sehemu ya nyuma ya jiwe haipati kipigo sawa na ya mbele, na kama limetua kwa pembe ya kulala, vipande vinabaki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, wakaamua kujaribu kwa mkono, walichukua mabaki ya vijimea vidogo sana vya majini vinavyoitwa diatomu, wakayagandisha kwenye barafu, wakayafyatua kwa bunduki maalum ya gesi kwa kasi za kilomita kadhaa kwa sekunde kwenda kugonga maji. Mabaki yalivunjika, na kadri kasi ilivyopanda ndivyo vipande vilivyozidi kuwa vidogo, ila vilitambulika kwenye hadubini kwamba hivi ni vya kiumbe. Mimi jaribio hili nalipenda kweli, watu wameacha kubishana kwa maneno wakaenda kufyatua.

Sasa tuone ni kiasi gani. Makadirio ya akina Armstrong ni kwamba kwenye udongo wa juu wa Mwezi vitu vya Dunia ni kama sehemu 7 katika kila milioni, kwa eneo la kilomita 10 kwa 10 inafika kilo 20,000. Tani 20 zinaonekana nyingi. Lakini geuza hesabu uitazame upande wa maabara: kwenye kilo nzima ya udongo ni miligramu 7. Apollo sita zilizotua kati ya 1969 na 1972 zilileta kilo 382 za mawe na udongo vikichanganywa, hata tungejifanya zote ni udongo mtupu basi vitu vya Dunia humo ndani vingekuwa gramu 2 na kitu, tena zimetawanyika kwenye vichembe vingi ambavyo kwa macho ni vumbi tu kama vumbi lingine. Za Warusi walizoleta kwa roboti za Luna miaka ya 70 hazifiki hata nusu kilo. China wana gramu 1,731 za Chang'e 5 na gramu 1,935 za Chang'e 6 za mwaka 2024, hizi za pili zimetoka upande wa Mwezi ambao hatuuonagi kutoka huku.

Kwahiyo shida kubwa sio kufika. Ugumu wote upo kwenye kulitambua jiwe lenyewe.

Yule dalali wangu wa Ngamiani hapo alinielewa haraka kuliko wote, kwasababu ndo kazi yake. Ukimpelekea jiwe anatoa tochi, analigeuza geuza, anaangalia rangi na vile viuchafu vilivyonasa ndani, anakwambia hili la bonde la Umba, hili umelitoa Tunduru, usinidanganye. Jiwe linabeba dalili za pale lilipozaliwa. Wanasayansi wanafanya hivyo hivyo isipokuwa dalili wanazosoma ni za kikemia, na chembe wanayoisoma mara nyingine ni nyembamba kuliko unywele.

Dalili ya kwanza ambayo mtu yeyote wa fani hii ataitaja ni oksijeni. Kila jiwe lina oksijeni ndani, na oksijeni ina aina tatu za uzito, 16, 17 na 18, na uwiano wa hizo tatu unatofautiana kati ya sayari na sayari. Mirihi ina wake, vimondo vya aina mbalimbali vina wao. Kipimo kizuri sana, kimetumika miaka mingi na kinaaminika. Ila kwa jiwe la Dunia lililoko Mwezini kinagoma, kwasababu Dunia na Mwezi uwiano wao ni karibu sawasawa. Wengi wanaamini Mwezi ulitokana na Dunia changa kugongwa na kitu kikubwa cha kama ukubwa wa Mirihi, vumbi na mawe yaliyoyeyuka yakajikusanya yakawa Mwezi, na ndo maana hivi viwili ni ndugu wa damu kiasi hicho. Kwahiyo kipimo kinachomtambua mgeni wa mbali kirahisi hakimtambui jirani.

Basi inabidi uende kwenye mambo mengine, maji na hewa. Mwezi ni mkavu, na mawe yake yalipikwa sehemu ambayo oksijeni ya ziada haipo, mpaka unakuta chuma ndani ya mawe yake kipo kama chuma kitupu. Dunia kuna maji kila mahali hadi ndani ya gamba, na magma yake, yani mawe yaliyoyeyuka huko chini, ina oksijeni ya ziada. Kwahiyo ukikuta jiwe lina udongo wa mfinyanzi ndani, au chokaa iliyojitengeneza majini, au madini yaliyofunga maji kwenye muundo wake, una sababu ya kusimama na kuangalia mara mbili. Pia kuna uwiano wa chuma na manganizi, kwenye mawe ya Mwezi chuma ni kama mara 70 ya manganizi, kwa Mirihi uwiano uko chini sana ya hapo, Dunia iko jirani na Mwezi ila sio palepale.

Turudi sasa kwenye kile kipande cha gramu 2, manake ndo mfano bora tulionao wa jinsi kazi inavyofanyika. Kina madini ya kwazi na felispa, ni jamii ya granaiti, kitu cha kawaida sana Duniani na adimu sana Mwezini. Ndani yake kuna zirkoni. Zirkoni ni rafiki mkubwa wa mtu anayetafuta historia, kwanza kwasababu ni ngumu haifi ovyo, pili kwasababu ya saa iliyomo ndani. Wakati inajijenga inakubali kuingiza madini ya urani lakini madini ya risasi inayakataa. Urani inaoza polepole na kuwa risasi, ile aina ya 238 inachukua miaka bilioni 4.47 kupungua nusu. Kwahiyo risasi yoyote utakayoikuta ndani ya zirkoni imezaliwa humo humo, unapima kiasi cha huyu na kiasi cha yule unapata umri. Ya humu ikasoma miaka bilioni 4.0 mpaka 4.1.

Umri peke yake hausemi kitu, Mwezini umri huo ni wa kawaida. Wakaangalia titani. Zirkoni ikizaliwa kwenye joto kali inanasa titani nyingi, ikizaliwa kwenye joto la wastani inanasa kidogo, na hii ilionyesha joto la chini kuliko mategemeo ya magma ya Mwezini. Wakaangalia seriamu, madini ambayo yakipata oksijeni ya kutosha yanabadilika hali na kuingia kwenye zirkoni kwa urahisi, na hapo tena zirkoni ikasema nilizaliwa mahali penye oksijeni, kama magma za Duniani. Halafu wakaangalia mgandamizo. Kama ni Duniani, mgandamizo ule ungepatikana kina cha kama kilomita 20, ndani ya gamba, jambo la kawaida kabisa. Kama ni Mwezini, kwa vile mvuto wake ni kama moja ya sita ya wa kwetu, ingebidi ushuke kilomita 167 hivi, na kule hakutegemewi kuwe na jiwe la aina hii, tena ukishalizaa kule bado una kazi ya kueleza limefikaje juu.

Kwahiyo hadithi waliyoipanga ni hii: jiwe linaganda chini ya Dunia, asteroidi linapiga na kulichimbua, linarushwa na kutua Mwezini, kwenye miaka bilioni 3.9 iliyopita linapigwa tena na kuyeyuka kiasi na kufukiwa likiwa limeunganika na mawe ya kienyeji, linakaa huko chini muda wote huo mpaka miaka milioni 26 iliyopita kimondo kingine kinachimba lile shimo la Cone na kulitupa juu. Miaka milioni 26 baadae anapita Shepard.

Ni hadithi nzuri, na kila hatua yake ina kipimo nyuma yake. Lakini nataka niseme wazi, haijakubaliwa na wote na Kring mwenyewe alitegemea ubishi. Hoja ya wanaopinga sio dhaifu: vipande vya jamii ya granaiti vimekutwa kwenye mawe mengine ya Mwezi na hakuna anayesema ni vya Dunia, kwahiyo labda kulikuwa na sehemu ndogo ndogo ndani ya Mwezi zenye hali tofauti na tulivyozoea. Tena siku hizi tunajua Mwezi wenyewe unapata oksijeni kutoka kwetu, chombo cha Japani kinaitwa Kaguya kilipima chembe za oksijeni zinazovuja kutoka anga la Dunia na kufika mpaka kule, matokeo yakatoka 2017, na mwaka 2020 kutu ikaonekana kwenye data za chombo cha India, Chandrayaan-1. Hiyo ni habari ya juu juu ya uso, haigusi zirkoni iliyozaliwa kilomita nyingi chini, ila inakufundisha kwamba ukikuta oksijeni Mwezini usikimbilie kusema jiwe hili la Dunia. Mimi naona ushahidi wa 14321 una nguvu kuliko wapinzani wanavyoupa, lakini kipande kimoja ni kipande kimoja. Kitakachomaliza ubishi ni cha pili na cha tatu, na haswa kikipatikana cha mchanga au udongo ulioganda, kitu ambacho bila mto au bahari hakizaliwi.

Kwa wageni wa mbali mambo yamekwenda vizuri zaidi. Kwenye udongo wa Apollo 12 kulikutwa kipande cha kimondo chenye kaboni, kinaitwa Bench Crater, ndo kimondo cha kwanza kukutwa nje ya Dunia. Apollo 15 nao walikuja na chembe ya milimita chache tu, Hadley Rille, ya jamii nyingine kabisa. Mwaka 2012 Katherine Joy na wenzake wakachambua mawe ya Apollo 16 wakatoa vipande vya vimondo vilivyofungiwa humo zaidi ya miaka bilioni 3.4 iliyopita.

Na mwaka 2025 ikaja ya Chang'e 6, na hii naomba kila Mtanzania aisome polepole. Watafiti wa Guangzhou walichukua gramu 2 za ule udongo, wakapitia maelfu ya chembe, wakapima uwiano wa chuma, manganizi na zinki na ile oksijeni ya aina tatu, wakatambua vichache ambavyo ni mabaki ya kimondo cha jamii ya CI. Hiyo herufi C ni ya kaboni, na I ni Ivuna. Ivuna yetu, ya mkoa wa Songwe wa leo, ambapo tarehe 16 Desemba 1938 kilidondoka kimondo kidogo, kilichookotwa ni kama gramu 700 tu. Ni jamii adimu sana, vilivyoonekana vikidondoka na kuokotwa duniani kote ni vitano, vilaini vinavunjika mkononi, vimejaa maji yaliyofungwa kwenye madini, na kemia yake ukiondoa gesi inakaribia ile ya Jua lenyewe, kwahiyo ndo kipimo cha wanasayansi wote cha mfumo wa Jua ulipoanzia. Wajapani walipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu mwaka 2020, jina walilolitaja wakati wa kulinganisha lilikuwa Ivuna. Kipande kikubwa kipo kwenye makumbusho ya historia ya asili London, walikinunua 2008. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kile cha Mbozi cha tani 16, na wafundishwe, ila hiki kidogo cha jirani yake ndicho kinachotajwa kila wiki kwenye maabara za dunia na huku Tanga ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne hajawahi kulisikia hilo jina. Linaniuma.

Umuhimu wa hiyo ya Chang'e 6 ni kwamba vimondo vya CI Duniani tunavipata vichache kwa sababu ni vilaini, hewa inavisaga kabla havijafika chini. Mwezi hauna hewa ya kuchuja, kwahiyo unatupa hesabu ya haki zaidi ya nani hasa alikuwa anakuja kutupiga, na kama wenye maji mengi walikuwa wanakuja, basi sehemu ya maji tunayoyanywa inaweza kuwa imeletwa nao.

Mirihi nitaisema kwa kifupi. Mawe yake tunayo Duniani na yalithibitishwa miaka ya 80 kwa gesi iliyonasa ndani ya kimojawapo, ikakutwa inafanana na hewa iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua kule mwaka 1976. Ila yote tuliyonayo yalirushwa kutoka Mirihi ndani ya miaka milioni 20 hivi iliyopita, yaliyotangulia yameshaoza huku kwetu. Yale yaliyorushwa wakati Mirihi ina mito na maziwa, pa kuyatafuta ni Mwezini, na hapo kile kipimo cha oksijeni kinafanya kazi.

Zuhura ndo ngumu kuliko zote. Leo ina joto la nyuzi 465 na hewa nzito mara 90 ya yetu, jiwe halitoki, na uso wake karibu wote umefunikwa na lava ya miaka milioni mia kadhaa tu. Lakini kuna watafiti wanaoona kwamba zamani ilikuwa na hewa nyepesi na pengine bahari, na mwaka 2020 Samuel Cabot na Gregory Laughlin wa Yale wakaonyesha kwamba kama ni hivyo, vipande vya Zuhura vingefika Mwezini. Hatuna hata jiwe moja la Zuhura la kulinganishia, kwahiyo atakayelikuta atalazimika kuthibitisha kwa kuondoa kwanza uwezekano mwingine wote, na gesi ya argoni iliyonasa ndani inaweza kumsaidia, kwasababu ya Zuhura ilishapimwa na vyombo vilivyoshuka kule.

Pa kutafuta baadae panajulikana. Udongo wa juu umepigwa na kuchanganywa mno, bora ni ule wa kale uliofunikwa na lava kisha lava nyingine juu yake, ukafungiwa kati tangu miaka bilioni 3 na kitu, ukachimbuliwe kwenye kuta za mabonde na mashimo ambako matabaka yanaonekana. Na ule wa kwenye mashimo ya ncha ya kusini ambako jua halifiki kabisa, baridi inashuka kupita nyuzi 200 chini ya sifuri, kitu chochote laini kina nafasi ya kudumu humo.

Huku maabara nako kazi haijaisha. Kuna sampuli ya Apollo 17 ilifungwa bila hewa palepale Mwezini Desemba 1972 ikaachwa kwa makusudi isubiri vifaa bora, wameifungua Machi 2022, na kabla ya kuigusa waliipiga eksirei za pande zote kwenye kompyuta ili kila chembe ijulikane ilipo. Kwa wale wenye vijana wanaosoma jiolojia chuoni, NASA wanaazima sampuli za Apollo kwa watafiti wa nchi mbalimbali wakiandika maombi yenye hoja, na China nao mwaka 2025 walianza kuzigawa za Chang'e 5 kwa taasisi za nje, Pakistani wakiwemo. Kinachoombwa mara nyingi ni miligramu tu, na anayejua kusoma zirkoni ya mwamba wa Usambara anatumia mashine ile ile na hesabu zile zile.